Betri ni mpya na bado inazima: kisa cha mia sita iliyokuwa inakufa Uhuru Highway

Kisa chenyewe ni hiki. Pikipiki ya sporti, sisi 600 (cc, yaani ukubwa wa injini), silinda nne, Mjapani (kampuni siitaji juu hii shida inaweza kushika yoyote ya aina hiyo), Jumapili inapanda Naivasha na kurudi bila hata kukohoa, halafu Jumatatu asubuhi inazima katikati ya Uhuru Highway, Nairobi, na haiwaki tena. Na si mara moja, ilishakuwa tabia. Kufikia wakati naitwa kuiangalia ilikuwa imebadilishiwa betri, imetolewa themostati, imeunganishiwa feni upya, na ilikuwa mbaya kuliko ilivyoanza. Hiyo ndiyo sababu naandika yote hapa, juu karibu kila kitu kilichofanywa kilikuwa na mantiki fulani ukikisikiliza haraka, na bado hakuna mtu alikuwa ameshika mita ya umeme akapima.

Mwenyewe ni kijana wa Roysambu, ofisi iko Upper Hill. Kila asubuhi ni Thika Road, Pangani, anaingia Forest Road (siku hizi ni Prof. Wangari Maathai Road lakini kondakta akiita abiria bado ni Forest), Museum Hill, halafu Uhuru Highway raundabauti baada ya raundabauti mpaka Haile Selassie ndio akate apande. Thika Road haina noma, ni pana na magari hata yakijaa yanasonga. Maneno inaanza ukishuka Museum Hill. Hapo afande amesimama raundabauti anaita upande mmoja mpaka wengine wanazima magari, na juu ya kichwa chako Expressway inapita, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, wazi tangu 2022, na pikipiki haziruhusiwi kupanda, iwe ni boda ya mia au iwe ni mashine inayoweza kuacha kila gari huko juu. Kwa hivyo unakaa chini ya nguzo, hakuna upepo, feni inalia, mapaja yanachomeka.

Watu wasioendesha hizi mashine huuliza, si upite tu katikati kama boda? Jaribu. Usukani wa supabaiki hukata kidogo sana, ukijaribu kuzunguka kati ya bampa mbili unafika mwisho wa kukata na bado hujatoka, na vioo viko kimo karibu sawa na vioo vya probox. Boda wa Boxer anakata anapinda anapita, wewe umelala juu ya tangi na viganja vimebeba uzito wa mwili wote, uko nyuma ya nganya na kondakta amening'inia mlangoni anakuambia "piga resi buda, tusikie!" Isitoshe gia ya kwanza ya mia sita ni ndefu, inaweza kukufikisha karibu kilomita 100 kwa saa ukiivuta yote, kwa hivyo kutembea mwendo wa mguu lazima uchezeshe klachi nusunusu, injini iko mzunguko wa 1,500 hivi kwa dakika, na hapo ndipo pikipiki inakaa karibu saa nzima. Shika hiyo namba, tutaihitaji.

Sasa dalili, na nilimwambia anieleze polepole kwa mpangilio, juu mtu akikuambia tu "inazima" hajakuambia kitu. Akasema hivi: feni ikiingia, taa ya mbele inafifia kidogo. Indiketa zinaanza kupiga polepole. Baadaye sindano ya mzunguko inaruka hadi sifuri na kurudi, saa ya dashibodi inajirudisha 1:00, injini inashtuka mara mbili tatu kama imekosa mafuta, inazima. Ukibonyeza stata unasikia tak-tak-tak-tak ya rilei (swichi ya umeme ya stata), basi. Lakini akiisukuma kando na kungoja, injini ikipoa na yeye akikunywa chai, wakati mwingine inawaka.

Hiyo "wakati mwingine inawaka ikipoa" ndiyo ilipotosha kila mtu.

Mara ya kwanza ilipozima, boda wa karibu na University Way walikuja mbio, na hao watu kwa kusaidia hawana mpinzani mjini. "Weka gia ya pili boss, tusukume!" Wakasukuma. Gurudumu la nyuma likaburuta, likaruka, hakuna kitu. Wakasukuma tena. Boxer ina kabureta, plagi inapata moto wake ukiizungusha, na ina kiki, hata betri ikikufa kabisa unapiga kiki unaenda. Hii ingine bila umeme pampu ya mafuta haisukumi na kompyuta ya injini haiamki, kwa hivyo hata ukisukuma hadi Nyayo Stadium ni jasho bure kama betri imeisha kabisa. Zaidi ya hiyo klachi yake imetengenezwa iachie gurudumu la nyuma linapolazimisha injini kuzunguka, nzuri sana kwenye kona za mbio, mbaya sana ukisukumwa na wasee watatu. Mwishowe dereva wa pickup aliwapa waya za jampa (gari likiwa limezimwa, na hivyo ndivyo inafaa, usitumie gari likinguruma), ikawaka, akafika kazini amechelewa na shati limelowa.

Kila mtu aliyeulizwa akasema betri. Na nitakubali, betri ya zamani ilikuwa imechoka. Akanunua mpya, si ya bei rahisi, na pikipiki ikakaa poa kwa muda. Halafu ikazima tena, palepale.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema pikipiki ina laana. Ukweli ni rahisi: betri mpya haijatibu kitu, imeahirisha. Betri ya mia sita ni ndogo, karibu 8.6 Ah, yaani ikitoa ampi 8 zaidi ya inachopokea, kwa hesabu ya karatasi inakauka kwa saa moja, na kabla haijakauka kabisa volti zinakuwa zimeshuka hadi pampu na kompyuta zinayumba. Ikiwa mpya na imejazwa inavumilia jam ya leo, inarudi nyumbani ikiwa nusu, Thika Road inairudishia kidogo, kesho inaanza chini zaidi ya jana. Wiki moja ikiwa na jam ndogo unadhani umepona. Kwa hivyo mtu yeyote akikuambia "nilibadilisha betri ikakaa sawa wiki kadhaa", hiyo si ushahidi kuwa betri ndiyo ilikuwa shida.

Baada ya hapo akapelekwa kwa fundi mmoja, jina na mtaa naacha. Fundi akasikia "jam" na "ikipoa inawaka" akakata kauli: ni joto. Akatoa themostati, ati hiyo ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi. Akamwaga kulanti (maji maalum ya radieta) akaweka maji ya mfereji. Halafu akaunganisha feni dairekti, ukiwasha swichi ya pikipiki feni inazunguka mpaka uzime, iwe asubuhi kwa baridi ya Julai au iwe mia moja na kumi Thika Road.

Lazima niseme kidogo kuhusu themostati, juu hii imani imeenea sana. Kazi yake ni kuziba maji yasipite kwa radieta mpaka injini ipate joto lake la kazi, ikishapata inafunguka. Ukiwa kwa jam na injini ina digrii 100, themostati nzima imeshafunguka zamani, kuitoa hakukusaidii chochote hapo, kinachokosekana ni hewa ya kupita kwa radieta na hiyo ni kazi ya feni. Unachopata kwa kuitoa ni injini inayokaa baridi ukiwa kasi, kompyuta inadhani bado haijapata moto inaongeza mafuta, na wewe unashangaa mbona tangi linaisha haraka siku hizi. Na kuona 104 au 106 kwa dashibodi si hatari kwa hizi mashine, feni nyingi huingia hapo kati ya 100 na 105, na kifuniko cha radieta hushikilia presha ya kama bar 1.1 ndio maji yasichemke. Ni kweli Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600, sufuria wazi huchemka kwa kama digrii 95 hivi, lakini radieta si sufuria wazi. Pikipiki ya kijana haikuwa imewahi kuchemsha hata mara moja. Hakuna mvuke, hakuna maji yaliyomwagika, taa ya joto haijawahi kuwaka. Fundi hakuuliza.

Sasa ile feni ya dairekti. Hiyo ndiyo ilinipa jibu karibu lote kabla sijafungua kitu, juu baada yake pikipiki ilianza kuzima hata jioni Thika Road, mahali haikuwa imewahi kuzima. Ukiongeza mzigo wa umeme na ugonjwa unazidi, basi ugonjwa ni wa umeme. Ingekuwa joto, feni ya kudumu ingepunguza.

Tuweke hesabu ya umeme wazi. Taa za mbele, balbu mbili za wati 55, ni kama ampi 9. Pampu ya mafuta, sindano za mafuta, koili za plagi na kompyuta, weka 7 au 8. Feni ni 4 hadi 5. Jumla tunafika ampi 20 na kitu feni ikiwa inazunguka. Upande wa mapato, koili ya chaji ya mashine ya namna hii ikiwa nzima hutoa kati ya wati 300 na 400 hivi, lakini ikiwa mzunguko wa 5,000. Kwa 1,500 hutoa kipande tu cha hiyo. Kumbuka hawa waliochora hii mashine walifikiria mtu anayeendesha mzunguko wa 8,000 na upepo unampiga kifuani, hawakuwa wanamfikiria mtu wa raundabauti ya Kenyatta Avenue. Kwa hivyo hata supabaiki nzima kabisa huwa inakaa mpakani ikiwa kwa jam, inatoa na kupokea karibu sawa. Kitu kidogo kikipungua upande wa mapato, unaanguka. Na Jumapili ukienda Naivasha, gia ya sita kilomita 100 kwa saa injini iko 5,000 na kitu, feni imelala juu kuna upepo, hesabu inatosha hata mapato yakiwa yamepungua. Hii ndiyo maana Naivasha ilikuwa sawa na Uhuru Highway ilikuwa kaburi.

Tukaiweka parking ya ploti Jumamosi asubuhi. Mita ni ile ya kawaida ya Luthuli Avenue, huhitaji ya bei. Betri ilikuwa imechajiwa usiku kucha kwa ukuta, ikasoma volti 12.7, nzuri. Kwanza nikapima alamu, juu nilikuwa naishuku: mlinzi wa ofisi yao hamruhusu kuingia besimenti ("boda hazingii huku boss", na hata umwonyeshe helmeti ya bei gani haibadiliki), kwa hivyo pikipiki hushinda nje kwa jua na alamu imewashwa. Ikasoma miliampi 25. Masaa kumi na mawili ni 0.3 Ah, haiwezi kuua betri nzima. Alamu ikaachiliwa.

Tukawasha, nikachomoa feni. Injini ikinguruma tu, 12.3. Hapo tayari si sawa, ikiwa inawaka inafaa ipande juu ya ile ya kulala, isishuke. Nikarudisha feni: 11.9, 11.8, na inaendelea kushuka ukiangalia. Kijana akavuta mafuta hadi 5,000 akashikilia: na feni 12.4, bila feni 13.0. Inafaa iwe kati ya 13.8 na 14.5. Kijana akaangalia ile mita akanyamaza, halafu akasema, "Brathe, yaani vile nimekuwa nikizunguka nayo mjini nimekuwa nikikula betri tu?" Nikamwambia ndio, betri ilikuwa tangi la pili na hakuna mtu alikuwa analijaza.

Kutoka hapo ni kufuata njia ya umeme kutoka injini hadi betri. Koili ya chaji iko ndani ya injini, inatoa waya tatu za njano, zinaingia kwa rektifaya ambayo inageuza ule umeme wa kwenda na kurudi uwe wa kwenda tu, na inazuia usipite volti 14 na kitu. Rektifaya inapeleka kwa betri. Basi. Nikachomoa zile njano tatu, mita ikawekwa upande wa umeme wa kwenda na kurudi, nikapima jozi kwa jozi kwa 5,000: 61, 62, 61. Ziko sawa, na hakuna hata moja inayogusa bodi (chuma cha pikipiki). Koili ni nzima. Na hapa fundi mwingine tayari alikuwa ameshampigia bei ya kufungua injini abadilishe koili, kwa simu, bila kuiona pikipiki.

Kwa hivyo shida iko kati ya hapo na betri, na hapo kati kuna vitu viwili tu: koneka ya zile njano tatu na rektifaya.

Koneka yenyewe ilikuwa imefungwa na tepu nyeusi, tepu ya zamani, ya mtu aliyekuwa nayo kabla ya kijana kuinunua. Tukaibandua. Plastiki ambayo ilitoka kiwandani ikiwa nyeupe ilikuwa na rangi ya mandazi iliyosahaulika kwa karai, na pini moja kati ya tatu ilikuwa imeyeyusha nyumba yake ikalala upande, nyeusi, waya wake umekakamaa kama inchi mbili hivi hata ukiupinda unavunjika. Pini ya pili ilikuwa inaanza kubadilika. Ya tatu safi. Mtu alishawahi kuona hii kitu, akaifunga tepu, akauza.

Nikapima rektifaya yenyewe, dayodi zake (zinazopitisha umeme upande mmoja tu), kutoka kila mguu wa njano hadi waya mwekundu. Miguu miwili ikasoma 0.4 na kitu vile inafaa. Wa tatu, ule wa pini iliyoungua, hakuna kitu mbele wala nyuma. Umekufa.

Hapa kuna jambo wengi hawalipigii hesabu. Ukipoteza waya mmoja kati ya tatu unadhani umepoteza theluthi ya umeme. Hapana. Umeme unapita kwa jozi, na waya tatu ni jozi tatu. Toa waya mmoja, jozi zinazobaki ni moja. Ndio maana pikipiki ilikuwa bado inachaji, lakini inachaji kimaskini, na ndio maana ilidanganya watu muda mrefu hivyo, ingekuwa imekufa kabisa ingegunduliwa siku ya kwanza.

Nini kilianza, koneka au rektifaya? Mimi nasema koneka. Pini ikilegea au ikipata kutu kidogo (na mvua ya Aprili ikiingia chini ya kiti haitoki haraka), umeme unapita kwa shida, panapata joto, joto linalegeza zaidi, inaendelea kujila yenyewe. Ile pini ya pili iliyokuwa inaanza kubadilika rangi bado ilikuwa na mguu mzima wa rektifaya, kwa hivyo joto lilitangulia kwa koneka. Na mahali rektifaya imewekwa kwa hii mashine hapasaidii: chini ya mkia, ekzosti inapitia hapohapo chini ya kiti. Ukiwa kasi upepo unaipoesha. Ukiwa umesimama Museum Hill inaokwa. Halafu hizi za zamani zina njia moja tu ya kuzuia volti zisizidi, zinachukua umeme wa ziada zinauzungusha uishie kuwa joto, kwa hivyo hata siku ya Naivasha ambapo umeme ni mwingi na matumizi ni machache, yenyewe ndiyo inachemka ndani. Hakuna siku ya kupumzika.

Kutafuta spea ndio ilichukua muda kuliko kila kitu. Kwa wauzaji rasmi haikuwa kwa stoo, kuagiza ni wiki na bei yake unaweza kununua mbuzi kadhaa. Kirinyaga Road zipo eksi-Japani, lakini rektifaya iliyotumika ni bahati nasibu, nayo imekaa chini ya mkia wa mtu mwingine miaka hiyo yote. Zipo pia mpya za bei ya chini zimeandikwa MOSFET (aina ya transista) kwa herufi kubwa, unaishika mkononi ni nyepesi, unapima unapata ndani ni ileile teknolojia ya zamani na sanduku jipya. MOSFET ya kweli hutoa joto kidogo zaidi kwa kazi ileile, ndio maana inatafutwa na ndio maana inaigwa. Mwishowe binamu yake aliyekuwa anarudi kutoka Dubai akaibeba kwa begi. Wakati huo wote mia sita imesimama chini ya turubai paka wa ploti wamezaa pembeni yake, mwenyewe anapanda matatu saa kumi na moja na nusu asubuhi, na wasee wa ploti kila jioni wanauliza "umeuza?"

Kuifunga haikuwa kazi kubwa. Koneka tukaikata tukatupa, hatukuweka ingine. Waya tatu za njano tukakata mpaka tukafika shaba safi inayong'aa, tukalehemu moja kwa moja kwa waya za rektifaya, kila moja na mpira wake wa kusinyaa kwa joto. Hasi ya rektifaya ikaenda moja kwa moja hadi betri badala ya kutegemea bodi. Yenyewe tukaitoa chini ya mkia tukaiweka pembeni ya fremu mahali upepo unafika. Feni tukaifungua ile dairekti, ikarudi kwa sensa yake. Maji ya mfereji yakamwagwa, yalitoka na rangi ya kutu tayari, tukasuuza tukaweka kulanti.

Tukawasha. Bila feni 13.9. Tukaiacha ingurume hadi digrii 103, feni ikaingia yenyewe, mita ikashuka hadi 13.4 ikatulia hapo. Kwa 5,000 ni 14.3. Ile betri mpya, ambayo kila mtu alikuwa anataka arudishe dukani wagombane, haikuwa na makosa yoyote.

Kwa mwenye mashine ya aina hii anayekaa kwa jam kila siku, ningesema tu: inua kiti, tafuta zile njano tatu, angalia rangi ya koneka. Ukiona tepu, ibandue. Halafu nunua kile kipimo kidogo cha volti cha kuweka karibu na usukani, ni pesa ya mafuta ya siku moja, kikianza kusoma chini ya 13 na unasonga, geuka nyumbani kabla ya Museum Hill. Na ukiweka zile taa za LED za pembeni za kuonyesha matatu kuwa upo, toa mzigo mwingine mahali, usiongeze tu.

Themostati bado hatujapata. Yule fundi hakumbuki aliiweka wapi, anasema labda iko kwa ule mkebe wa bolti, labda aliuza na vyuma. Kwa hivyo asubuhi Thika Road mashine inasoma digrii sitini na kitu na inakunywa mafuta, na kijana ameagiza ingine kwa binamu, safari hii anauliza kama pia anaweza kubeba tairi la nyuma, ambalo limeisha katikati likawa bapa na pembeni bado lina nywele za kiwandani.